Tulivyopata maji ya zimamoto sokoni kwa njia ya bajeti

Soko letu liko katika manispaa ndogo ya Pwani ya Kenya: vibanda vya mbao na mabati, mitumba imerundikwa hadi darini, na kwa nyuma maseremala na makopo yao ya vanishi. Upande wa mitumba ulipoungua, gari la zimamoto lilifika mapema kuliko watu wanavyosimulia. Tatizo lilikuwa maji. Gari la lita 5,000, mpira ukitoa lita 500 kwa dakika, lina dakika kumi za kazi. Yakiisha huenda kutafuta mengine, na wanaotukanwa ni wale askari walioshika mpira.

Mimi ni katibu wa kamati ya wafanyabiashara, kwa hiyo swali liliishia mlangoni kwangu: kila tukikata leseni tunalipa ada ya zimamoto, hizo pesa huenda wapi?

Nilianza na ofisi ya manispaa. Wazee wetu wangali wanasema twende kwa meya, ilhali mameya waliondoka na mabaraza ya miji mwaka 2013. Siku hizi kuna bodi na meneja, kwa mujibu wa sheria ya miji ya 2011. Bodi hupanga na kusimamia kazi ilizokabidhiwa, lakini mkoba uko kaunti. Kuzima moto nako, kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, ni kazi ya kaunti. Ada yetu, ushuru wa soko, maegesho na kodi ya ardhi vyote huingia Mfuko wa Mapato wa Kaunti, pamoja na mgao wa serikali kuu. Hakuna shilingi iliyotengewa zimamoto kwa sababu tu imelipwa kwa jina lake. Karani mmoja alinifungua macho: "Mama, risiti yako ni ya kukuruhusu kufanya biashara. Mpira hununuliwa na bajeti."

Basi nikaachana na risiti, nikashika kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwisho wa Februari huja taarifa ya sera ya fedha, ambayo ndiyo huweka kikomo cha kila idara. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mkutano wa maoni ya umma unaojaza watu kwetu ni ule wa baada ya Aprili, wenye viti vya plastiki, soda na karatasi ya kutia sahihi. Ni mkutano wa kelele nyingi, lakini kufikia hapo idara zimeshagawana. Ukimwongezea huyu lazima umpunguzie yule. Sisi tukaamua kuingia kabla ya Septemba.

Ndani ya kamati tulivutana. Wengi walitaka gari jipya, na mwakilishi wadi vilevile, maana gari jipya hupigwa picha. Kabla ya kuandika chochote nilikwenda kituo cha zimamoto. Askari mmoja akaniwekea mezani kiungo cha chuma cha mwisho wa mpira, kizito, chenye meno mawili ya kushikia, akasema: "Hiki kisipooana na mdomo wa bomba lenu, hata mkijenga tangi refu kama mnara ni bure." Nikapima, nikachora, mchoro ukaingia kwenye barua. Nadhani ule mchoro ulifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Tuliomba vitu viwili, kila kimoja kwenye karatasi yake. Tangi la juu na bomba lenye mdomo unaooana na mpira ni matumizi ya maendeleo, na sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende huko. Mafuta na matengenezo ya gari lililopo ni matumizi ya kawaida, fungu linalogombaniwa na mishahara. Ukiyachanganya, kimoja kikikatwa hukiburuta kingine. Nakala tulizipeleka kwa meneja wa manispaa, idara husika na karani wa bunge la kaunti, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Makadirio yalipotoka nilitafuta ukurasa wenye soko letu, na mkutanoni nikautaja kwa nambari yake. Ukitaja ukurasa, afisa hulazimika kuufungua.

Tangi lilipita. Mafuta yalipunguzwa. Zimamoto walipokuja kujaribu, kiungo kilishika mara moja na maji yakafika hadi kwa maseremala. Ufunguo mmoja wa vali uko kwa mlinzi wa usiku, mwingine kituoni. Barua ya mafuta imekwenda tena mwaka huu, na safari hii tumeambatanisha nakala ya daftari la kituo linaloonyesha siku ambazo gari lilikaa bila dizeli.