Nilivyoacha kushika kila kitu mwenyewe, timu ikaanza kukua

Mwaka 2021 tulianza watu sita, kazi ya kupeleka mboga mahotelini na kwa mama ntilie hapa Dar. Karoti na kabichi za Lushoto, nyanya, hoho, mzigo tunauchukua soko la Mabibo alfajiri tunasambaza kabla ya saa mbili. Mi ndo nilikuwa kila kitu. Hela haitoki bila mi kusema, bei haibadiliki bila mi kusema, hata mifuko ya kufungia hoho ilikuwa inasubiri nipokee simu, na niliamini kabisa huo ndo uongozi maana mtaji ulikuwa mdogo na niliogopa kuibiwa.

Masika ya mwaka uliofuata nikaenda Tanga kwenye msiba, simu ikaisha chaji njiani. Nilipokuja kuiwasha jioni nikakuta nimepigiwa mara 17, zote ni yule binti anayepanga mizigo. Jangwani imejaa maji, barabara imefungwa, dereva wa kirikuu, kile kigari chetu cha mizigo, anataka aongezewe elfu 40 azungukie Mwenge na Salender afike Posta. Elfu 40 tu! Na hela ilikuwepo kwenye simu ya ofisi ila hakuna aliyethubutu kuitoa. Matenga 12 ya nyanya yakarudishwa stoo yameloa chapachapa, kesho yake yanachuruzika maji, na hoteli moja ikatuacha siku hiyohiyo.

Nilivyorudi nikamgombeza sana yule binti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bosi, si ulisema hela isitoke mpaka useme wewe? Nilifanya ulivyosema." Nikakosa jibu. Usiku nikampigia kumwomba msamaha, na asubuhi nikarudia mbele ya wote kwa sababu nilimgombeza mbele ya wote.

Ndo tukakubaliana kila mtu anaweza kutoa mpaka elfu 50 kwa jambo la mzigo bila kuniuliza, sharti picha ya risiti na sababu kwa mstari mmoja viingie kwenye grupu la WhatsApp siku hiyohiyo. Mwezi wa kwanza usingizi ulikuwa wa shida. Kijana wa bodaboda akanunua tairi kwa elfu 45, nikaanza kuandika kumuuliza mbona ghali hivyo, nikafuta. Haikupita saa, mwenzake akamwelekeza duka la Kariakoo lenye bei nafuu, na toka hapo wakawa wanaulizana bei wenyewe.

Asubuhi pale Mabibo tunasimama dakika 10, kila mtu anasema jana amekwama wapi, mi nasema wa mwisho. Zamani nilikuwa naanza mimi na nikishasema tu wote wanafuata hukohuko, hata pale nilipokosea.

Lililonisumbua zaidi lilikuwa kuwaonyesha hela. Kila Ijumaa naweka mezani kilichoingia, tunachodaiwa, na hela iliyobaki inatosha mishahara ya wiki ngapi. Niliogopa watakimbia. Kuna Ijumaa ilibaki ya wiki 5, kimya kikatanda, halafu dada wa hesabu akafungua daftari lake akatuonyesha kwamba zinazotukaba ni zile hoteli zinazolipa baada ya siku 60, wakati mama ntilie wanalipa palepale mzigo ukishuka, kwa hiyo tuzipunguze hoteli tuwafuate hao. Mi mwenyewe nisingeliona hilo, nilikuwa najivunia majina ya hoteli. Tulifanya alivyosema na hatukuchelewesha mshahara hata mwezi mmoja, na huyo dada sasa hivi ndo anapanga tumkopeshe nani na kwa siku ngapi.

Leo tupo 14 na yule binti wa mizigo ndo msimamizi wa usambazaji wote. Shida tuliyonayo ni zile dakika 10 zimekuwa nusu saa, watu wa mwisho wanaongea huku kirikuu kinaunguruma. Huyo binti amependekeza tugawanyike makundi mawili, mi niwe nasimama huku na kule kwa zamu, na siku ambayo sipo kwenye kundi nisiulize walichoongea mpaka wanieleze wenyewe. Hilo la mwisho limenipa shida kidogo kulimeza, ila nimekubali, tunaanza Jumatatu.