Babu na farasi mwitu wa Merfeld

Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi Mei, huko Merfeld karibu na mji wa Dülmen, magharibi ya Ujerumani, madume wachanga wa farasi mwitu hukamatwa kwa mikono mitupu mbele ya maelfu ya watazamaji. Mwaka 2019 siku hiyo iliangukia tarehe 25. Tulikwenda watu watatu na farasi mmoja: bosi wetu, ambaye ndiye mfunzi, kijana wa kubeba vifaa, mimi saisi (mtunza farasi), na Babu, farasi mweupe wa Kiandalusia, umri miaka 16, uzito kilo 480 hivi. Kwenye pasi yake ana jina refu la Kihispania. Babu nilimwita mimi kwa sababu ya mvi na kwa sababu hakuna anachokifanya kwa haraka, na baada ya mwezi zizi zima likamwita hivyo.

Kazi yetu ilikuwa dakika nane. Kabla farasi mwitu hawajaingizwa uwanjani, watu hutumbuizwa na farasi waliofunzwa, na Babu alitakiwa afanye michezo yake bila hatamu wala kamba: mwendo wa Kihispania wa kunyoosha miguu ya mbele, kupanda jukwaani, kupiga goti, kulala chini, na mwisho kusimama kwa miguu miwili.

Babu amehasiwa, na hilo ndilo lililotufanya tukubali mwaliko. Mwezi Mei majike wengi wako kwenye joto la kutaka dume, na farasi dume asiyehasiwa, hata awe amesoma kiasi gani, akivutiwa na upepo unaotoka kwa majike mia tatu hakuna mjeledi wala karoti itakayomrudisha darasani.

Matayarisho yalianza siku tatu kabla. Kwanza karatasi: pasi ya farasi yenye namba ya chipu iliyo shingoni, na ukurasa wa chanjo ya mafua. Kisha maji. Farasi wa uzito ule hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, zaidi kukiwa na joto, na wengi hukataa maji ya ugenini kwa sababu harufu yake si ile wanayoijua. Farasi asiyekunywa na huku anakula majani makavu anakaribisha msokoto wa tumbo, na msokoto huua. Tulibeba madumu manne ya lita 20 kutoka bombani kwetu. Majani makavu huhesabiwa kilo moja na nusu hadi mbili kwa kila kilo mia za mwili, kwa hiyo nyavu mbili za kilo nne kila moja zilitosha kwa siku. Nafaka hatukumpa asubuhi ile. Shayiri tumboni na safari barabarani havipatani.

Trela yetu ni ya farasi wawili. Anayesafiri peke yake hupandishwa upande wa kushoto, kwa sababu Ujerumani magari hupita kulia na barabara huinama kidogo kuelekea ukingo wa kulia. Mzigo wote ukiwa kulia, trela huvutwa mtaroni. Kwetu Tanzania ingekuwa kinyume chake. Mwendo haukuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye kona dereva hupunguza kabla ya kuingia, si ndani ya kona, maana farasi aliyesimama hana pa kujishikia.

Tulipofika nilimfunga Babu kwenye pete ya trela, lakini si moja kwa moja. Kati ya pete na kamba huwekwa kitanzi cha uzi wa mkonge, ule wa kufungia marobota ya majani. Farasi akishtuka na kuvuta, uzi ukatike kabla ya shingo. Siku hizi marobota mengi hufungwa kwa uzi wa plastiki, nao haukatiki. Nimewahi kuona farasi akiburuta trela kwa sababu yake. Mimi ni mtu wa Muheza, na mkonge naujua tangu utoto. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta Tanga mwaka 1893, na kila nikikata kipande cha uzi ule nikiwa kwao, hujisikia kama niko nyumbani.

Farasi wenyewe wa Merfeld si wakubwa. Begani hufika sentimita 125 hadi 135, wengi rangi ya panya au kahawia, na mstari mweusi unaokwenda kutoka singa za shingo hadi mkia. Baadhi wana michirizi miguuni kama pundamilia aliyefuliwa mara nyingi. Wanaishi kama mia nne kwenye hekta zisizofika mia nne za kinamasi, nyasi na msitu, na hawakatwi kwato, hawajengewi banda, hawatibiwi. Majani makavu hupelekewa pale tu baridi inapokaza. Maandishi yanayowataja yanarudi nyuma hadi mwaka 1316. Makabaila wa ukoo wa Croÿ ndio waliowatengea eneo karne ya 19, pori lilipokuwa linagawanywa kuwa mashamba, na ukoo huo ndio unaolimiliki hadi leo. Ukamataji wenyewe ulianza mwaka 1907.

Sababu yake ni rahisi. Dume mmoja au wawili waliochaguliwa ndio wanaobakizwa pamoja na majike. Wadogo wa kiume wakibaki, wakifika miaka miwili au mitatu watapigana, na watawapanda mama zao na dada zao. Basi kila mwaka wale waliotimiza mwaka mmoja hutolewa na kupigwa mnada.

Babu aliingia uwanjani na vifundo vya sufi masikioni, vyenye ukubwa wa yai la kuku, kwa sababu ya vipaza sauti. Haviondoi sauti ya mfunzi. Hupunguza tu makali ya muziki na makofi. Jukwaa letu ni la mbao, duara la mita moja, kimo sentimita 35, juu limegongelewa mpira ili kwato zisiteleze. Kosa la wengi ni kuliweka jukwaa mahali penye mchanga mwingi: farasi akitia mguu wa kwanza linainama upande, na siku hiyo ndiyo ya mwisho yeye kuliamini. Kijana wetu aliufyeka mchanga kwa reki mpaka kwenye udongo mgumu.

Mwendo wa Kihispania, safi. Jukwaa, safi. Goti, safi. Ilipofika zamu ya kulala, Babu alikusanya miguu yote minne, akashusha pua, akaunusa mchanga, akasimama wima. Bosi alimwomba tena. Akakunja magoti, akapiga chafya, akasimama tena, masikio yakielekea langoni. Nje ya lango lile kundi lilikuwa limeshakusanywa, na majike walikuwa wakiwaita watoto wao.

Farasi ni mnyama anayewindwa, na kulala chini ni kuikabidhi miguu yake, silaha pekee ya uhakika aliyonayo. Nyumbani hulala kwa ishara ya kidole kwa sababu anajua hakuna kitu nyuma ya ukuta. Pale alijua kuna kitu. Mfunzi mbaya angemsukuma kwa mjeledi, na huenda angelala. Ila wiki inayofuata angekataa hata zizini. Bosi aliomba goti tu, akalipata, akampa karoti na kutoka akitabasamu kana kwamba ndivyo ilivyopangwa. Kipindi hakifungwi kwa kitu kilichokataliwa. Kinafungwa kwa kitu kilichokubaliwa, hata kiwe kidogo. Watazamaji walipiga makofi yale yale.

Kosa letu lilikuja baada ya hapo. Tulitakiwa tumrudishe hadi maegesho ya mbali, lakini mimi na kijana tulitaka kuona, tukasimama naye kama mita 80 kutoka lango. Kundi lilipoachiwa, ardhi ya kinamasi ilitetemeka kabla masikio hayajapata sauti. Babu alipandisha kichwa, mwili mzima ukatetemeka, akalia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake. Hapo wenye uzoefu mdogo huvuta kamba na kumgeuza farasi mgongo. Usifanye hivyo. Asichokiona kinamtisha mara mbili. Nilimwacha akabili lango, nikamzungusha kwa duara ndogo ndogo, kila duara mguu wa nyuma wa ndani ukivuka ule wa nje, kwa sababu mguu unaovuka hauwezi kuruka mbio. Nilihesabu duara kumi na moja kabla hajashusha kichwa. Jasho lake lilinilowesha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ukamataji niliuona kwa vipande basi, kati ya duara na duara. Wakamataji huvaa mashati mapana ya buluu na vitambaa vyekundu shingoni, na hawana kamba za kurusha. Kundi huzunguka uwanja kama maji ndani ya sufuria. Wao huingia kwa miguu, hulibana pembeni, humtambua dume wa mwaka mmoja, kisha mmoja humrukia shingoni, wa pili hushika mkia, wa tatu hukaa ubavuni. Aliye shingoni akichelewa nusu sekunde, mnyama husimama wima na mtu hubaki ananing'inia. Aliye mkiani akisimama nyuma kabisa badala ya pembeni, hupigwa teke la goti. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo zaidi ya mia na hamsini, hivyo nguvu peke yake haitoshi. Humvuta kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine mpaka apoteze mizani, ndipo hatamu isiyo na lijamu hupita masikioni. Walitoka zaidi ya thelathini siku ile. Majike na watoto wakafunguliwa, wakarudi porini kwa shoti.

Jioni, trela iliyoegeshwa karibu nasi ilikuwa ya mkulima mmoja na mke wake, walionunua dume mdogo rangi ya panya. Hakuwa tayari kupanda. Walikuwa wamejaribu karibu saa nzima: kamba, nafaka ambayo mnyama yule hajawahi kuijua kuwa ni chakula, watu wanne wakisukuma kwa nyuma. Kila aliposukumwa alijirusha pembeni mwa daraja la trela.

Bosi alimtazama Babu: apandishwe kwanza, mtoto amfuate. Mimi nilisema hapana, maana mtoto yule hajachanjwa chochote na pua zitagusana. Tukabishana. Mwishowe tulikubaliana kwamba kizuizi cha kati kiwe kile cha mbao nzima kutoka sakafuni hadi juu ya vichwa, na ndoo za maji zisichanganywe. Kabla ya hapo tuliirekebisha trela ya mkulima. Chuma cha kifua cha farasi mkubwa hukaa karibu mita moja kutoka sakafuni. Mtoto hupita chini yake na kukwama kwenye chumba cha mbele. Tuliziba kwa marobota mawili ya nyasi yaliyofungwa kwa nguvu. Juu ya mlango wa nyuma tukafunga wavu wa chuma, kwa sababu wa namna hii huruka kutoka hata trela ikiwa mwendoni. Sakafu tukaimwagia maji kidogo na nyasi juu yake, ili kwato zisipige kelele ya ngoma.

Babu alipanda kushoto kama anavyopanda kila siku, akaanza kula. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Tuliwaondoa wasukumaji wote, tukabaki wawili, mmoja kila pembeni mwa daraja, hakuna aliyesimama nyuma. Mtoto alinusa daraja, akaweka mguu, akautoa. Dakika kumi na mbili kwa saa yangu. Kisha akasikia Babu akitafuna, akapanda kwa hatua nne za haraka. Chuma cha nyuma kwanza, daraja baadaye. Anayefunga daraja kabla ya chuma huangukiwa nalo mnyama akirudi kinyumenyume. Kichwa hatukumfunga. Mnyama ambaye hajafundishwa kuitii kamba akifungwa ndani ya trela hujining'iniza.

Hakuna aliyekuwa amefikiria hatua inayofuata. Nilipofungua upande wa kushoto ili nimtoe Babu, mtoto alipiga kelele na kuupiga mwili wake ukutani hadi trela nzima ikayumba kwenye magurudumu. Nilimrudisha Babu hatua mbili mbele. Kimya. Nikamtoa tena. Kelele.

Kwa hiyo Babu alisafiri na mkulima, dakika 40, na sisi tukafuata nyuma na trela tupu. Shambani kwao trela ilirudishwa kinyumenyume mpaka kwenye mlango wa chumba cha zizi, isibaki nafasi ya kupenya hata mbwa, na mtoto akashuka mwenyewe kwenye majani na maji. Ng'ombe jike mzee wa chumba cha jirani aliingiza pua kwenye nafasi ya mbao na kumnusa. Mtoto alipoanza kumjibu kwa kunusa, nilimfunga Babu kamba na kumtoa taratibu. Saa tano usiku tulikuwa kwetu. Nilimpima moyo: mapigo 36 kwa dakika. Akanywa ndoo nzima, akazunguka mara mbili juu ya nyasi zake, akalala chini.