Nilivyogawa boksi la breka kwa ajili ya sola na betri

Ukipita maduka ya sola Kariakoo, maneno yote ni paneli na betri: wati ngapi, lithiamu au jeli, dhamana ya miaka mingapi. Boksi la breka, yaani la swichi za kukata umeme wa nyumba, halina msemaji. Nyumbani kwangu Kigamboni kazi ya juu ya bati ilikwisha bila shida. Kilichotutoa jasho ni ukutani.

Mfumo wenyewe ni wa kawaida tu: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani) ya kilowati 5 na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, yaani kama yuniti 5 za Luku ikijaa. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ndio ulionisukuma. Sasa Bwawa la Nyerere linazalisha na mambo yametulia, lakini mtaani kwetu mvua ikishika tu umeme unaondoka.

Yuniti 5 hazibebi nyumba nzima, kwa hiyo mimi na mke wangu tulikaa tukachagua vya kubaki hai: taa, feni, friji, tivii, intaneti, soketi za vyumbani. Kiyoyozi, hita ya kuogea, jiko na pampu vikaachwa kwa Tanesco. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati (hilo sikutaka mjadala), akafunga boksi dogo pembeni ya lile la zamani. La zamani linapokea umeme wa Luku kama siku zote, breka yake moja ya ampea 32 inalisha inveta, na inveta inalisha boksi dogo.

Hapa ndipo kazi nyingi zinapolipuliwa. Fundi anahamisha nyaya za moto (zinazoleta umeme) peke yake, nyutro zote (nyaya za kuurudisha) anaziacha kwenye baa ya zamani, yaani pale zinapofungwa pamoja ndani ya boksi la zamani. Taa zinawaka, mwenye nyumba anafurahi, fundi analipwa, anaondoka. Kumbe umeme unatoka boksi hili na kurudi kupitia boksi lile, na siku mtu akizima swichi kubwa na kushika nyutro akidhani imekufa, anakutana nayo ikiwa na moto. Fundi wangu aliniambia mapema, "Bosi, nyutro lazima imfuate moto wake, la sivyo hatutalala."

Na kweli, taa ya barazani ilikataa. Kila tukiiwasha, RCD ya boksi dogo inajizima. Kifaa hicho kinapima umeme unaotoka na unaorudi. Ukipishana kwa miliampea 30 kinakata. Balbu ilikuwa nzima, waya haujachubuka. Fundi akazima kila kitu, akachomoa nyutro za baa ya zamani mojamoja na kuzipima kwa mita hadi akaipata: aliyejenga nyumba alichukua moto wa barazani kutoka sakiti ya taa, nyutro akaiazima kwenye soketi ya jikoni iliyokuwa karibu. Kwa miaka yote hakuna aliyejua, maana boksi lilikuwa moja. Ilibidi tuvute waya mpya kupitia darini. Fundi mwingine angeitoa RCD na kutuambia ni mbovu.

Jambo la pili ambalo wengi hawalipimi ni eathi (waya unaoingia ardhini) wakati nyumba iko kwenye betri. Umeme wa inveta ukiwa unaelea, yaani nyutro yake haijaunganishwa na eathi popote, RCD inaweza isikate hata friji ikipigisha shoti kwenye bodi. Kile kitufe cha majaribio kilicho juu yake hakitakwambia, kwa sababu kinafanya kazi bila kuhitaji eathi. Tulizima Tanesco, tukaacha betri ibebe, tukapima kati ya nyutro na eathi. Mita ilisoma zaidi ya volti 100. Inveta yetu ina sehemu ya kuunganisha nyutro na eathi yenyewe inapohamia kwenye betri, ila kwenye menyu ilikuwa imezimwa. Ilipowashwa, mita ikashuka karibu na sifuri.

Upande wa betri nilikuwa mkali kwenye breka. Kilowati 5 kwa volti 51 ni karibu ampea 100, ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta inazidi. Tuliweka breka ya DC (umeme wa betri) ya ampea 125 hatua chache tu kutoka kwenye betri, na kebo ya milimita za mraba 35. Muuzaji mmoja alinisukumia breka ya kawaida ya AC (umeme wa nyumbani), "ni zilezile tu, kaka." Si zilezile. Umeme wa Tanesco unapita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kuzimika. Wa DC haupumziki, cheche inaendelea mpaka iyeyushe breka. Nyingine zina alama za chanya na hasi, ukigeuza hazizimi inavyotakiwa.

Tuliweka pia swichi ya kugeuza ya nafasi tatu, ili inveta ikiharibika boksi dogo lipate Tanesco moja kwa moja. Inakata moto na nyutro pamoja, na katikati ina sifuri, kwa hiyo umeme wetu hauwezi kurudi nguzoni kumkuta fundi wa Tanesco aliyepanda akiamini laini imekufa.

Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, na skrubu za breka zinalegea. Miezi michache baadaye fundi alirudi kuzikaza. Mbili zilikuwa zimeanza kuacha weusi kwenye waya. Ndani ya mlango wa boksi nimebandika karatasi ya mpangilio wa kuzima kwa ajili ya dada wa nyumbani: boksi dogo kwanza, kisha inveta, paneli, na betri mwisho. Chini yake nimeandika kwa wino mwekundu kwamba mchana nyaya za paneli zina umeme hata kila kitu kikiwa kimezimwa.