Mbuyu ulio katikati ya kiwanja

Treni ya SGR ilinishusha Dodoma kabla ya saa nne asubuhi, na jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Mimi ni msanifu majengo. Chuo kimoja kilikuwa kimeniita nipitie ramani ya mabweni yake mapya.

Tulipofika kiwanjani nilikuta mbuyu ambao watu watano wakishikana mikono hawaumalizi. Kwenye ramani, pale ulipo pameandikwa maegesho. Jengo lenyewe lilikuwa refu kutoka kaskazini hadi kusini, vioo vitupu upande wa magharibi. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua la alasiri linaingia kwenye vioo vya namna hiyo mpaka kitandani. Huko ni kumpika mwanafunzi! Nilisononeka kweli.

Mchana nikapanda bodaboda hadi Mvumi kutazama tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo. Mzee wa Kigogo alinipokea.

"Mbukwenyi."

"Mbukwa, mwanangu. Inama, mlango mfupi."

Niliinama nikaingia, na jasho likakauka. Niligusa ukuta: fito zilizosukwa, udongo mnene, baridi kama mtungi. Juu, magogo yamebeba matawi, matawi yamebeba udongo mkavu. Joto la mchana linachukua saa nyingi kupenya humo, na likifika ndani, nje kumeshapoa. Vyumba vimezunguka ua, kwa hiyo upepo mkali wa kiangazi unavuka juu ya paa na watu wanakaa uani kwa utulivu, ng'ombe wao pembeni.

"Mvua je, mzee?"

"Paa linavuja, ndiyo. Kila mwaka tunaongeza udongo."

Bweni la ghorofa siwezi kuliezeka udongo, na bati lina faida yake. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 kwa mwaka, nayo huja msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Hata hivyo kila mita moja ya mraba ya bati inaweza kukusanya lita mia tano hivi. Maji hayo yakiingia kwenye tangi chini ya ardhi, miche ya migunga na mikwaju itavuka kiangazi.

Kesho yake alfajiri nilirudi kiwanjani na fundi. Tuling'oa vigingi, tukalaza jengo mashariki–magharibi, madirisha yakatazama kaskazini na kusini, ua ukauzunguka mbuyu.

"Na maegesho, bosi?" fundi akauliza.

Nikamwonyesha upande wa getini, kwenye kokoto, ambako hakuna mti.