Siku moja maishani mwangu: kocha wa jimu ya mabati, Umoja, Nairobi

Saa kumi na moja alfajiri. Makanga wameshaanza kuita abiria wa mjini kule steji, nami nafungua kufuli. Nikisema jimu usiwaze vioo vya ukuta mzima na mashine za kuwakawaka. Hii yetu ni ya mabati, sakafu ya simiti iliyotandikwa vipande vya raba. Vyuma vingine ni vya dukani, vingine ni makopo ya rangi yaliyojazwa simiti na kuunganishwa kwa bomba. Ada ni shilingi 100 kwa siku.

Kundi la alfajiri halinisumbui. Ni watu wa kazi, wana haraka, na kila mmoja anajua daftari lake liko wapi. Hapa kila mtu ana daftari la kurasa 48: tarehe, zoezi, uzito, seti (yaani mikupuo), na marudio katika kila seti. Asiyeandika simfundishi. Wiki ijayo atakuja kuniuliza, "Kocha, juzi nilibeba ngapi?" na mimi kichwa kimeshajaa.

Saa moja na nusu wanaingia wageni wawili. Kijana wa chuo mwenye picha kwenye simu, anataka kifua kama hicho kabla ya Desemba. Na mama anayeuza mboga karibu na steji, ambaye kliniki wamemwambia atie misuli nguvu kwa ajili ya sukari. Ushauri mzuri huo, kwa sababu msuli unaofanya kazi hutumia sukari iliyo kwenye damu. Shirika la Afya Duniani nalo linataka mtu mzima afanye mazoezi ya nguvu angalau siku 2 kwa wiki.

Mgeni simpi baa kwanza, ile fimbo ya chuma ya kubebea uzito. Nampa mpini wa kupigia deki. Nausimamisha mgongoni mwake uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega, na mfupa ule wa juu ya makalio. Kisha namwambia asukume makalio nyuma, magoti yakunjike kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango kwa makalio huku ameshika sufuria ya moto. Mpini ukiachana na sehemu hata moja, mgongo umepinda, tunaanza upya. Kijana alianza upya mara nyingi, na uso wake ulisema wazi kwamba hakulipa mia moja kuja kucheza na fimbo. Mama alipata haraka.

"Si ndivyo ninavyoinua jerikeni?"

"Ndivyo, mama. Ila nimekuona pale bombani, huwa unaiinua kwa kiuno."

Alicheka. Tukachukua jerikeni ya lita 20, tukatia maji nusu, kilo 10 hizo, akaiinua seti 3 za marudio 8. Kuchuchumaa alitumia kreti ya soda: unashuka mpaka uiguse, unasimama. Kwa kuwa presha yake hupanda, nilimkataza kubana pumzi. Vuta ukishuka, toa ukipanda. Kijana naye nilimwekea pushapu, mikono juu ya benchi, na nikamwambia aache seti wakati bado anaweza kuongeza mbili au tatu safi. Tulipomaliza akaniuliza, "Sasa kocha, tunaanza saa ngapi?"

"Umeshamaliza. Rudi Alhamisi."

Kabla hawajatoka huwa nawaambia jambo moja bila kuficha: kesho utaumwa, kesho kutwa huenda zaidi, na ngazi utazishuka kwa kushika ukuta. Ni misuli isiyozoea kazi, inapita yenyewe. Maumivu makali ya kiungo, goti au bega, hayo ni mengine, nipigie simu. Nisiposema haya, nusu yao hawarudi. Wanadhani nimewavunja.

Saa nne jimu inatulia, nanywa uji na mayai boilo. Hapo ndipo simu zinaanza za "kocha, ninunue unga gani?" Unga wa protini si uchawi wala si sumu, ule wa kawaida hutokana na maziwa. Mwenye pesa anunue. Lakini anayebeba vyuma akipata gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, yuko sawa. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 96. Yai moja lina gramu 6 hivi, halafu kuna ndengu, omena, maharagwe, maziwa, nyama ikipatikana. Ninachokiona mtaani ni watu wanaokunywa chai na mandazi asubuhi, chipsi mchana, kisha wanauliza unga.

Saa sita nabeba vyuma vya simiti hadi kwa jamaa wa viazi, ana mizani kubwa. Fundi aliyetutengenezea aliandika 20 kwa rangi nyeupe pande zote mbili. Upande mmoja ulikuwa kilo 23, wa pili 18. Tofauti ya kilo 5 kwenye baa moja! Mzoefu atahisi tu kwamba inamvuta upande, lakini mgeni atajipinda kuifuata na kudhani ndivyo inavyobebwa. Nimeviandika upya uzito wake halisi, na nimevitenganisha mpaka nipate vya kuvilinganisha. Fundi hapokei simu yangu.

Mchana nalala.

Kuanzia saa kumi na moja jioni ni vita. Muziki wa gengetone juu, foleni kwenye benchi, kila mtu anataka kuonyeshana. Kazi yangu saa hizi ni kupunguza. Baa yetu ya dukani ni kilo 20 ikiwa tupu, na wengi wanaoanza inawatosha hivyohivyo. Ukimaliza marudio 12 safi kwa seti zote, siku ijayo tunaongeza kilo 2.5, basi. Kina dada wawili waliniuliza kama watageuka wanaume. Niliwaambia misuli ya namna hiyo huwagharimu hata wanaume miaka, tena wenye homoni zake.

Na yule kijana? Alirudi jioni hiyohiyo, ati arudie kifua. Nilimrudishia daftari lake na kumwonyesha ukurasa mtupu. Wiki za mwanzo nguvu hupanda kabla mwili haujabadilika, kwa sababu mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza. Kwa hiyo mabadiliko atayasoma kwenye daftari muda mrefu kabla ya kuyaona kwenye kioo. Alinuna, akaondoka.

Saa tatu usiku napangusa mabenchi. Ujumbe unaingia kutoka kwa mama mboga: mapaja yameanza, na Alhamisi anaamkia soko la Marikiti, je, aje Ijumaa? Nimemjibu aje, na nimeandika kwenye daftari lake: Ijumaa, jerikeni, lita 12.