Nimeahirisha uzamivu

Jana nimesaini fomu ya kuahirisha masomo yangu ya uzamivu (PhD) kwa mwaka mmoja. Ofisini wameniita nirudi kazini, ruhusa ya masomo haikuongezwa, na mfadhili halipi posho ya kujikimu kwa mtu aliyesimamisha masomo. Kwa hiyo posho nayo imesimama.

Kinachoniuma zaidi ni mpunga. Utafiti wangu uko Ifakara, bonde la Kilombero, na mpunga wa kutegemea mvua huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Nikikosa masika haya, vipimo vya msimu wa pili ni hadi mwakani. Wakulima walionipa majaruba yao nimewapigia simu mmoja mmoja. Mzee mmoja akaniambia, "Mwanangu, lako nitakutunzia." Nililia, jamani. Daftari la vipimo nimeondoka nalo.