Miaka mitano bila nyama hapa Bukavu

Kila nikikataa nyama kwenye harusi au kwenye matanga, maswali ni yale yale: utapata wapi damu, utapata wapi nguvu? Hao wanaouliza hawakunidhuru. Walionidhuru ni wale waliokuwa wakinitetea. "Mumuache," walisema, "hata ngorila wa msitu wa Kahuzi anakula majani tu, na muangalie kifua chake." Niliyaamini maneno hayo zaidi ya miaka mitatu, na kidogo yanitoe miguu.

Nimekulia Walungu, ambako ng'ombe ana jina lake, unamwita anageuka. Yule aliyechinjwa kwenye harusi ya dada yangu nilimchunga tangu akiwa ndama. Sikula siku ile, na sijala tena nyama, samaki, maziwa wala mayai. Sina zaidi la kueleza hapo.

Maharagi, lengalenga, karanga na avoka sikuhitaji kufundishwa. Kilichonishinda ni sombe, yale majani ya muhogo ya kutwangwa. Sombe bila samaki, kwa watu wa nyumba yetu, ni majani yaliyochemshwa. Mama mkwe alionja mara moja akaweka kijiko chini: "Mwanangu, hii sombe haina kitu ndani."

Ndipo nikaingia kwenye soya, nitafute cha kuweka badala ya samaki. Mara ya kwanza nililoweka usiku kucha, nikatwanga, nikachuja, nikaweka sufuria kwenye mbabula, lile jiko la mkaa. Povu likapanda ghafla, likamwagika, likazima makala yote. Nikadhani maziwa yameshachemka. Nikawapa watu maziwa yale, yananuka majani mabichi, na usiku ule choo hakikupata nafasi ya kupumzika. Kumbe soya isiyoiva ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini, na lile povu huja mapema, kabla haijaiva. Ukiliona, punguza moto, koroga, endelea dakika 20 hivi.

Harufu nayo ilinitesa wiki nyingi, mpaka mama mmoja anayeuza soya sokoni Kadutu aliponiambia: usisage mbichi. Soya iliyolowekwa itupe kwenye maji yanayochemka tayari, iache dakika 10, ndiyo usage. Harufu iliisha siku ile ile. Baada ya kuchuja na kuchemsha nilikuwa naipua, nakamulia ndimu, maziwa yanaganda, nayafunga kwenye kitambaa na kuweka jiwe juu.

Lakini hila ninayojivunia niliipata mwenyewe. Nilijiuliza watu wanatamani nini hasa kwenye samaki wa sombe, nikaona ni moshi. Basi yale maziwa ya soya yaliyoganda nikayakata vipande, nikatia chumvi, nikayapanga kwenye wavu juu ya makala yaliyokaribia kufa, nikarushia magunzi makavu ya mahindi na kufunika kwa beseni kuukuu. Jioni yalikuwa ya kahawia, magumu kidogo nje. Nikayatia kwenye sombe na mawese na karanga. Mama mkwe alikula sahani mbili, kisha akauliza: "Samaki hii ulinunua kwa nani?" Sijasahau mpaka leo. Na kilo ya soya haijawahi kunigharimu kama samaki wa kukaushwa, hata robo yake.

Mwaka wa nne vidole vya miguu vikaanza ganzi. Nikishuka kilima usiku sikuwa na hakika mguu umekanyaga wapi. Mtu mmoja wa dawa akanipa dawa za malaria, mara mbili. Jirani akaniambia ninywe soda nyekundu na tomato ya mkebe ili niongeze damu. Kipimo cha damu kikasema damu si mbaya, na nikarudishwa nyumbani.

Aliyeniokoa ni muuguzi aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza: "Mama, unakula nini?" Nikamwambia. Akasema ni vitamini B12. Haipo kwenye sombe, haipo kwenye maharagi, haipo kwenye soya. Inatengenezwa na bakteria. Ng'ombe anaipata kwa sababu bakteria hao wanaishi tumboni mwake. Na yule ngorila tuliyemsifu hula hata sisimizi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana mwanzoni nilijiona mzima. Kibaya zaidi, majani na maharagi yana folate nyingi, vitamini nyingine ya damu, na folate inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku neva zinaumia kimya kimya. Yaani ile sombe niliyoitegemea ndiyo iliyokuwa inanifichia ugonjwa.

Nilichomwa sindano majuma kadhaa. Kisha nikanunua vidonge vya B complex, vya njano, vya bei ya chini kabisa. Bahati nzuri nilisoma kopo: B1, B2, PP, na B12 haipo! Soma kopo. Tafuta neno "cyanocobalamine", usipoliona, rudisha. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na maharagi, inazuia chuma. Kamulia ndimu badala yake.

Mwezi uliopita binamu yangu, ana mimba ya miezi minne, alikuja kuniambia naye anaacha nyama kama mimi. Nikamuuliza anakula nini kila siku. Bugali ya muhogo na sombe, akajibu, pesa ikipatikana maharagi. Huko si kuacha, ni kukosa. Muhogo hauna protini ya maana, na ule mchungu usiolowekwa vizuri, kwa mtu asiyepata protini, huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kule Kwango, magharibi mwa Kongo, na umeonekana hata Burhinyi, huku kwetu. Mtoto wa mama asiye na B12 anaweza kuumia ubongo. Mimi nina uchungu na ng'ombe kuliko wengi, lakini nilimwambia: dada, kula mayai, kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, mpaka uzae na umalize kunyonyesha. Akasema ninajipinga mwenyewe. Nikavua viatu, nikamwonyesha vidole viwili vya mguu wa kushoto ambavyo mpaka sasa havisikii baridi ya sakafu. Tukatoka pamoja kwenda kununua mayai.